IST yangu inavuta kushoto hata baada ya alainimenti: ninunue stelingi raki au nisubiri?

MamaNuru_Kibaha

Wakuu salaam. Naombeni msaada kabla sijatoa hela tena.

Nina Toyota IST ya 2004, injini 1.3. Ndiyo gari langu la kazi. Naishi Kibaha, nina duka la vifaa vya shule, na mzigo naufuata Kariakoo. Tangu masika yaishe gari linavuta kushoto. Asubuhi nikitoka nyumbani limenyooka vizuri tu. Nikifika Kibamba naanza kuhisi usukani unalalia upande mmoja, na nikifika Kimara lazima niushikilie kulia muda wote. Nikilegeza mkono kidogo linaelekea kwa watembea kwa miguu. Bega la kulia linaniuma mpaka usiku.

Nililipeleka gereji wakapima wilo alainimenti, yaani pembe za magurudumu, elfu thelathini, likarudi vilevile. Nikarudi kwao, wakasema tairodi endi, vile viungo vya kugeuzia magurudumu, zimechoka. Nikanunua zote mbili, wakapima tena. Tulilijaribu pale pale jirani na gereji, safi kabisa. Kesho yake naenda Kariakoo, kufika Kimara ni yale yale. Sasa wananiambia stelingi raki, kile kifaa kinachogeuza magurudumu ukizungusha usukani, imekwisha, nitafute ya mtumba, na bei waliyonitajia pamoja na ufundi inameza faida ya duka ya mwezi mzima.

Tairi za mbele nilibadilisha mwaka huu. Upepo najaza kituo cha mafuta. Mikononi mwangu gari halijawahi kugongwa. Nitoe hela ya raki, au kuna kitu cha kuangalia kwanza? Asanteni.

Kijana_wa_Spea

Dada, IST za umri huo raki zinachoka, hilo halina ubishi. Ukishabadilisha tairodi endi na alainimenti bado linavuta, kilichobaki ni raki. Tafuta mtumba safi kutoka Japani, usichukue iliyokarabatiwa. Pole sana.

Abuu_Changamwe

Assalaam alaikum. Dada, raki usinunue bado. Mimi niko Mombasa, naendesha Probox ya mizigo, nayo ilikuwa yavuta kushoto mara tu baada ya kutia tairi mpya. Kila fundi ataka kufungua kitu chake. Mzee mmoja anayeziba pancha hapa Changamwe ndiye aliyeniambia: hamisha tairi la mbele kushoto lije kulia, la kulia liende kushoto, kisha endesha uone. Gari ikaanza kuvuta kulia. Basi tukajua kasoro iko kwenye tairi, gari haina neno.

Wajua, hata tairi jipya laweza kutoka kiwandani na kasoro. Nyuzi za chuma zilizomo ndani zikikaa upande kidogo, tairi likizunguka lavuta upande mmoja, na kwa macho huoni kitu. Nilirudisha dukani nikabadilishiwa. Mtihani wenyewe wahitaji jeki na spana ya magurudumu tu. Angalia ubavuni kama pana mshale wa mwelekeo. Ukiwepo, jaribu masafa mafupi kisha urudishe kama ilivyokuwa, maana hizo hazitakiwi kuzunguka kinyume, hasa mvua ikinyesha.

Fundi_Msamvu

Dada MamaNuru, pole na bega. Mimi ni fundi magari hapa Morogoro, maeneo ya Msamvu. Magari yangu mengi ni yanayotoka Dar kwenda Dodoma na Iringa, na hili la kuvuta upande halinipiti muda mrefu bila kuliona. Hela ya raki weka mfukoni. Nasema hivyo kwa sababu ya maneno yako mwenyewe: asubuhi limenyooka, Kimara linavuta. Raki iliyochoka haisubiri safari ndefu. Inagonga kwenye mashimo, usukani unakuwa na mchezo, gari linayumba huku na huku. Haiwezi kukaa kimya toka Maili Moja hapo kwenu Kibaha mpaka Kibamba, halafu ikaamka na kukuvutia upande mmoja tu.

Linaniuma sana hili la watu kuuziwa spea kabla hawajaulizwa swali hata moja. Gari linalovuta, cha kwanza kuuliza ni linavuta LINI. Jibu la hapo linafuta nusu ya orodha ya spea bila kushika spana.

Kama linavuta muda wote, toka tu unapoingia barabarani, basi anza na tairi na upepo, halafu pembe za magurudumu. Kama linavuta ukikanyaga breki tu, ni breki zenyewe au bushi za wishiboni, yaani mipira ya ule mkono wa chini unaoshikilia gurudumu. Bushi ya nyuma ya wishiboni ikichanika, ukikanyaga breki gurudumu linarudi nyuma kidogo na gari linakwepea upande huo. Kama linavuta ukikanyaga mafuta na linanyooka ukiachia, angalia maunti za injini (vishikio vyake), shafti za mbele zinazozungusha magurudumu, na kama tairi mbili za mbele zinalingana saizi na uchakavu. Na kama linaanza likiwa sawa kisha linavuta kadiri unavyokwenda, kama lako, kuna kitu kinachopata moto. Magurudumu ya mbele vitu vinavyopata moto ni viwili: breki na beringi. Beringi ingekuwa inakuvumia sikioni. Wewe hujataja mvumo.

Kabla ya yote, ujue barabara zetu zina mgongo katikati na zinaanguka pembeni ili maji yatoke. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari zima lisilo na ugonjwa wowote litaelekea kushoto taratibu ukilegeza mkono. Wenzetu wa Goma na Bujumbura wanaoendesha kulia, kwao linaelekea kulia. Halafu kuna mifereji ya malori. Lami iliyobonyezwa na malori inashika tairi za gari dogo na kulipeleka inakotaka yenyewe. Nimeletewa magari mazima kabisa, mwenyewe analalamika linavuta, kumbe linavuta Mikese tu ambako lami imebonyea. Kwa hiyo mtihani ufanyie mahali tambarare pasipo na watu, kiwanja kikubwa au lami mpya, mwendo wa 50 hivi, vidole vikiwa vimeugusa usukani bila kuuminya. Usiuachie kabisa. Likihama njia polepole, hiyo ni barabara. Likiuvuta usukani mkononi mwako, hilo ni gari.

Upepo nao, usiishie kusema "najaza kituoni". Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya bodi kuna stika. Magari ya Japani stika yake imeandikwa kPa, geji ya kituoni inasoma psi. 220 kPa ni psi 32, na 230 ni kama 33. Mjazaji akikuuliza "nikuwekee ngapi" umjibu kwa namba ya stika yako. Pima tairi likiwa la baridi, na upime yote manne kwa geji moja, kwa sababu geji mbili tofauti hazikubaliani. Tairi moja la mbele likipungua psi tano au sita, gari linavuta upande wa lile lililopungua. Pancha ndogo inayovuja taratibu inakupa hali kama hiyo, asubuhi umejaza, kesho linavuta.

Tairi zenyewe usizitazame tu, zipapase. Weka kiganja juu ya meno ya tairi ukipitishe toka ndani kwenda nje, kisha toka nje kwenda ndani. Ukikuta upande mmoja meno yanakwaruza kama msasa na upande mwingine yanateleza, tairi linaburuzwa, hiyo ni kazi ya alainimenti. Ukikuta uvimbe, hata mdogo wa ukubwa wa nusu yai, hilo usisafiri nalo hata Chalinze. Nyuzi za ndani zimeachana, litapasuka. Nimeyaona yaliyopasuka barabara hii na siwezi kulizungumzia kwa upole. Tazama na umri: ubavuni kuna namba nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. "Mpya" ya dukani inaweza kuwa imekaa stoo miaka.

Sasa alainimenti, maana ndiyo imekula hela yako. Inapimwa kwa pembe tatu. Tou ni namna magurudumu yanavyotazamana yakitazamwa kutoka juu. Kemba ni namna gurudumu linavyoinama kuingia ndani au kutoka nje. Kasta ni namna nguzo ya shokapu inavyolalia nyuma. Gereji nyingi zikisema zimefanya alainimenti, zimerekebisha tou peke yake kwa kukaza na kulegeza tairodi. Tou ikikosewa mbele inakula tairi na kufanya usukani ukae umepinda, lakini kwa kawaida HAIVUTI gari upande. Zinazovuta ni kemba na kasta zikitofautiana kushoto na kulia. Gari linavuta kwenda upande ambao gurudumu limeinamia nje zaidi, na kwenda upande ambao kasta ni ndogo zaidi. Na kwenye magari kama IST, kasta haina pa kurekebishia kabisa, kemba ina nafasi ndogo sana kwenye bolti za shokapu. Zikitofautiana, kuna kitu kimepinda au bushi imekufa. Ndiyo maana unaweza kulipia alainimenti mpaka uchoke, gari likavuta vilevile.

Kila ukilipia, dai karatasi ya vipimo. Tazama kemba na kasta, linganisha kushoto na kulia. Tofauti ikizidi nusu digrii, na hasa ikifika robo tatu, uliza ni kwa nini, usikubali kuambiwa "kidogo tu hiyo". Gari la mtumba lililowahi kupata ajali Japani linaweza kuwa limepinda toka huko, kwenye karatasi ya mnada lingeandikwa R au RA. Kwa hilo chukua futikamba, pima toka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma, kushoto na kulia, usukani ukiwa umenyooka. Zikipishana sentimita nzima, shida iko kwenye bodi au mhimili.

Lako silioni huko lakini. Naomba unijibu haya:

Ukifika Kimara na linavuta, ukishuka ukasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele kushoto, halafu ya mbele kulia, ipi ina moto? Sogeza tu, usiguse, na diski ya breki iliyo ndani ndiyo usiiguse kabisa.

Kuna harufu yoyote, kama ya mpira au plastiki inayoungua?

Ukikanyaga breki kwa nguvu wakati linavuta, linazidi kwenda kushoto au linafanya kitu kingine?

Rimu ya kushoto ina vumbi jeusi kuliko ya kulia?

MamaNuru_Kibaha

Fundi, Mungu akubariki kwa maelezo. Leo nilikuwa na safari ya mjini, nikasimama Kimara pembeni nikafanya ulivyosema. Rimu ya kushoto nilishindwa kusogeza mkono karibu, joto linapiga kama nimefungua tanuri. Ya kulia ilikuwa na uvuguvugu wa kawaida tu. Harufu ipo, ninaisikia kila nikisimama kwenye taa za Ubungo, ila pale kuna malori mengi hivyo sikujua inatoka wapi. Leo niliinama, inatoka kwenye gurudumu langu.

Vumbi ndiyo, kushoto rimu ni nyeusi, kulia ni ya kijivu, na gari linaoshwa lote siku moja.

Ila la breki limenishangaza. Nikikanyaga kwa nguvu haliendi kushoto, linarukia KULIA kidogo. Nikiachia linarudi kuvuta kushoto. Na mafuta linakula zaidi ya zamani, hilo nalo sikulisema.

Kijana_wa_Spea

Sasa fundi hapo nisaidie. Kama ni breki ya kushoto inashika, akikanyaga si lingezidi kwenda kushoto? Linaendaje kulia?

Fundi_Msamvu

Swali zuri mdogo wangu, na hapo ndipo gari lilipojieleza lenyewe.

Fikiria mkokoteni. Ukishika gurudumu la kushoto, mkokoteni unapinda kushoto. Ndicho kinachotokea dada akiwa anaendesha: breki ya kushoto haijaachia, inaburuza. Lakini breki inayong'ang'ania siyo breki yenye nguvu. Kalipa, yaani kile kibanio cha pedi za breki kwenye diski, kwa gari hili ina pistoni upande mmoja tu, wa ndani. Pistoni inasukuma pedi ya ndani, halafu kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje nayo ibane diski. Pini zikishika kutu kalipa haitelezi. Ukikanyaga, kushoto inafanya kazi pedi moja na nusu, kulia zinafanya kazi mbili kamili, basi kulia kunashinda na gari linarukia kulia. Ukiachia, kalipa iliyokwama hairudi, pedi inabaki imeegemea diski, gari linavuta kushoto. Ikipata moto mambo yanazidi. Asubuhi diski ni ya baridi, uburuzaji ni mdogo, huusikii. Na gereji wamelijaribu hapo hapo jirani, breki haijapata moto, wakaona wamemaliza kazi.

Dada, usiendeshe tena safari ndefu hivyo lilivyo. Breki ikizidi moto, mafuta ya breki yanachemka na pedali inazama chini bila kushika.

Mpelekee fundi likiwa LIMEPATA MOTO na linavuta, usimpelekee asubuhi. Simama naye, mwambie kwa mpangilio huu. Aweke mawe nyuma ya tairi za nyuma, ainue mbele kwa jeki na aweke stendi, gia nyutro. Azungushe gurudumu la kulia kwa mkono, kisha la kushoto. La kushoto litakuwa zito. Hapo hapo, kabla hajafungua kitu kingine, alegeze kidogo nati ya kutolea upepo kwenye kalipa ya kushoto, avae miwani na aweke kitambaa. Mafuta ya breki yakiruka kwa presha na gurudumu likawa jepesi ghafla, tatizo ni mpira wa breki, ule unaopeleka mafuta hayo kwenye kalipa. Ule mpira kwa nje unaweza kuonekana mzima, ila ndani umevimba: mguu wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, lakini hayarudi. Gurudumu likibaki zito hata baada ya kulegeza, tatizo ni pini au pistoni.

Hatua hiyo inachukua muda mfupi sana na ndiyo mafundi wengi wanairuka. Wanakimbilia kubadilisha pedi, mpira mbovu unabaki, na pedi mpya zinaungua nazo.

Likiwa pini: azitoe, azisafishe mpaka chuma king'ae, kama zina mashimo ya kutu zibadilishwe pamoja na mipira yake ya vumbi. Zipakwe grisi ya breki, ile ya silikoni. Wasipake grisi ya kawaida ya beringi, inavimbisha mipira na baada ya muda mtarudi pale pale. Pistoni isukumwe uone kama inarudi laini. Na pedi hubadilishwa kushoto na kulia kwa pamoja, usikubali upande mmoja. Afungue na upande wa kulia apake pini zake hata kama ni nzima, zina umri mmoja.

Abuu_Changamwe

Fundi, hapa kwetu karibu na bahari pini hizo zaliwa na chumvi haraka sana. Mie kila nikibadilisha pedi naziomba zitolewe nizione kwa macho yangu.

Fundi_Msamvu

Ni kweli kabisa Abuu. Magari ya Tanga na ya Mombasa yakifika kwangu nayafungua nikijua nitakachokikuta. Dar nayo haiko mbali na hapo, na maji ya mafuriko yanamaliza kazi ya chumvi. Dada amesema lilianza baada ya masika. Mpira wa vumbi ukiwa umechanika, dimbwi moja la kina linatosha kuingiza maji na mchanga kwenye pini.

MamaNuru_Kibaha

Fundi na wote, narudi na majibu. Nilimtafuta fundi mwingine hapa Kibaha, kijana msikivu, nikamsomea maelezo yako akiwa chini ya gari.

Gurudumu la kulia lilizunguka kwa mkono mmoja. La kushoto alilisukuma kwa mikono miwili likaishia robo. Alilegeza ile nati, mafuta yakatoka matone tu, gurudumu likabaki zito. Kwa hiyo siyo mpira. Akafungua bolti za kalipa kwa spana namba 14. Pini ya juu ikatoka kwa shida, ya chini ikagoma kabisa, akaigonga na kuipaka mafuta ya kulainisha kutu mpaka ikakubali. Mpira wake wa vumbi ulikuwa umechanika nusu duara, na ndani kulikuwa na kitu kama ugoro wa kahawia, kutu na mchanga vimechanganyika. Akanionyesha pedi. Ya nje bado nene, unaweza kusema imefungwa juzi. Ya ndani imebaki ukoko mwembamba, tena imelika kwa mshazari, upande mmoja chuma kinakaribia kugusa diski. Diski yenyewe ina madoa ya rangi ya bluu.

Alipima unene wa diski akalinganisha na namba ya kiwango cha chini iliyochapwa kwenye diski, akasema bado inafaa. Nimenunua seti ya pedi, pini na mipira yake, grisi ya silikoni, na tumebadilisha mafuta ya breki, DOT 3 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko. Gharama yote na ufundi haifiki hata robo ya bei ya ile raki.

Nimeshaenda Kariakoo na kurudi nikiwa nimebeba mzigo. Limenyooka. Nimeshuka Kimara nikasogeza mkono kwenye rimu zote mbili, joto ni moja. Na karatasi ya vipimo niliifuata kule gereji ya kwanza, wamenipa baada ya kubishana: kemba na kasta kushoto na kulia zinakaribiana, walirekebisha tou tu, kama ulivyosema.

Kijana_wa_Spea

Fundi nimekuelewa, nami nitakuwa nauliza "lini" kabla ya kumuuzia mtu.

Dereva_Singida

Fundi samahani nidandie hapo hapo. Mimi Noah ya 2005. Nilibadilisha bolijointi (viungo vya chini ambavyo gurudumu hugeukia) na bushi za wishiboni zote mbele, alainimenti nikapima, karatasi yote kijani, yaani vipimo vyote viko sawa. Sasa nikikata kulia kisha nikanyoosha, gari linaendelea kwenda kulia mpaka nilirudishe kwa nguvu. Nikikata kushoto linabaki kushoto. Upande haueleweki. Rimu hazina moto.

Fundi_Msamvu

Ndugu, lako ni jingine. Gari linalovuta upande ulioukata mwisho halivuti, linakwama. Kuna kiungo kinachozunguka kwa ugumu na usukani unashindwa kujirudi wenyewe. Kwa kuwa limeanza baada ya spea mpya, anzia kwenye hizo hizo.

Inua mbele, chomoa tairodi endi pande zote mbili kwenye nako, kile chuma kinachobeba gurudumu, kisha shika kila gurudumu peke yake uligeuze kulia na kushoto kwa mkono. Linatakiwa kwenda laini toka mwanzo hadi mwisho. Lililo gumu ndilo lenye shida, na hapo ni vitu viwili, bolijointi mpya iliyobana mno au beringi ya juu ya shokapu. Beringi utaijua mwenzako akigeuza gurudumu huku wewe umeweka vidole kwenye springi: ikijikunja kisha ikaruka, beringi ya juu imekufa. Yakiwa laini yote mawili, rudi kwenye jointi za nguzo ya usukani chini ya dashibodi.

Na muulize fundi wako alizikazaje bushi za wishiboni. Wengi wanakaza bolti gari likiwa limening'inia kwenye jeki. Likishushwa, ule mpira unakuwa umesokotwa muda wote na unapigana na gari. Alegeze bolti za bushi, gari likae chini kwa magurudumu yote manne, alitikise mbele mara kadhaa lijikalie, ndipo akaze kwa spana ya kipimo. Bushi zikikutwa zimeshachanika kwa kusokotwa, badilisha. Kisha upime alainimenti upya, maana kimo cha gari kitakuwa kimebadilika na ile karatasi ya kijani uliyonayo haifai tena.